Bwana Fadlalla Abdelrahim, Mpimaji wa Vidole Vinavyosoma

Jumamosi hii, tarehe 31 Machi 1951, saa sita na nusu mchana, Bwana Fadlalla Abdelrahim wa Kibra atavua aproni yake baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha chapa kwa miaka thelathini na moja na miezi miwili. Alikuja akiwa na ufagio. Anaondoka akiwa mtu wa pekee tunayemjua, Nairobi hii, ambaye kazi yake ni kujua kama karatasi inasomeka. Ni nani atakayeifanya kazi hiyo Jumatatu, hakuna anayejua, na baadhi yetu tumeanza kubakiza chakula sahanini.

Bwana Fadlalla ni mtoto wa askari wa Kisudani. Alizaliwa kambini, na kambi ipi hasa hata yeye hana hakika, maana baba yake alikuwa akihamishwa kila mara kabla mahindi hayajakomaa. Kusoma alijifundisha mwenyewe hapa hapa kiwandani, kwa kuokota karatasi zilizoharibika alipokuwa akifagia. Anasema kwamba kwa mwaka mzima aliamini maandishi yote ya dunia yana mkunjo katikati na wino uliomwagika pembeni. Mwaka 1924 alipewa sanduku la herufi, akawa mpangaji wa herufi. Mwaka 1929 akawa msahihishaji. Wengi wangetosheka hapo, wakanenepa.

Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja. Kila tangazo lililopita mikononi mwake lilimkaa tumboni kama ugali usioiva. Siku ya kubandika hakuweza kula. Alikwenda kusimama karibu na ukuta wenye tangazo, mikono mfukoni, kama mtu anayemngoja mwenzake aliyechelewa, akawatazama wasomaji. Aliyoyaona pale ndiyo yaliyompa kazi yake ya tatu, ambayo kabla yake haikuwa na jina.

Aliona kidole. Msomaji wetu wa kawaida, awe wa Kibra au wa Riruta, husoma kwa kidole. Maneno yakiwa mepesi, kidole hutembea kama mtu anayekwenda kwake. Yakiwa mazito, kidole husimama, hurudi nyuma kidogo, na mwishowe msomaji huinua macho kutafuta mtu wa kumwuliza. Bwana Fadlalla akanunua tasbihi ya mbao dukani. Kidole kikisimama, alisukuma shanga moja. Kikirudi nyuma, mbili. Msomaji akiinua macho, tatu. Tasbihi ilikaa mfukoni muda wote, kwa sababu mtu akijua anapimwa husoma kama yuko mbele ya hakimu. Mzee mmoja wa msikiti wa Makina, hapo Kibra, alimwuliza kwa ukali kama ile ilikuwa ibada au kazi ya Wazungu. Alijibu kwamba tasbihi ile haijawahi kutumika kwa dua hata siku moja. Mzee akasema hilo ndilo baya zaidi.

Tangazo lililopata chini ya shanga kumi aliliandikia pembeni kwa penseli: litasomeka. Kutoka kumi hadi ishirini: litasomewa, yaani mwenye nalo atamtafuta mtu wa kumsomea. Kupita ishirini: litafungia nyama. Wenye bucha wa Kibra wanaweza kushuhudia kwamba katika daraja hili la tatu hakukosea hata mara moja.

Wazee wa kiwanda bado wanalikumbuka tangazo la mbwa la mwaka 1934, wakati wa kichaa cha mbwa. Lilikuja likiwa sentensi moja ya maneno sabini na mawili, iliyoanza na "Kwa kuwa" na kuishia pale pumzi ilipoishia. Bwana Fadlalla alilipeleka Kawangware kwa Mama Waruguru, muuza maharagwe, ambaye alisoma misheni miaka miwili kabla ya kutolewa akaolewe. Shanga thelathini na nne. Akarudi akaliandika upya: "Funga mbwa wako. Mbwa anayezurura atapigwa risasi." Shanga moja tu, na hiyo moja, Mama Waruguru alieleza baadaye, alikuwa amesimama kumwonea mbwa huruma. Siku tangazo lilipobandikwa, hadi jioni hapakuonekana mbwa njiani kutoka Riruta mpaka Kibra. Hata wale wasiokuwa na wenyewe walipata wenyewe.

Mama Waruguru huyo huyo ndiye aliyempa onyo, siku alipoona kitu kikitembea ndani ya mfuko wa Bwana Fadlalla akataka kujua ni nini. Alipoelezwa, alitikisa kichwa. "Bwana Fadlalla, kidole changu kinaweza kumaliza ukurasa huku mimi mwenyewe niko jikoni, naangalia maharagwe yasiungue." Bwana Fadlalla alicheka. Tunakitaja kicheko hicho kwa sababu yeye mwenyewe ametuomba tukitaje.

Miaka miwili iliyopita Meneja wetu alirudi kutoka likizo Ulaya na kitabu chenye hesabu ya kupima wepesi wa maandishi bila kumwona msomaji kabisa. Unahesabu maneno ya kila sentensi, unahesabu silabi za kila neno, unazidisha, unatoa, unapata namba. Kwa Kiingereza pengine inafaa. Kwa Kiswahili, ambacho neno moja hubeba mtu, wakati na mzigo wake wote, ile hesabu ilizimia. "Hawatakusumbua" likaonekana kuwa neno la maprofesa, na "ada ya hati ya haki ya ardhi" ikapewa watoto wa darasa la kwanza. Bwana Fadlalla alishauri kwa upole kwamba mtoto mmoja wa darasa la kwanza aitwe aulizwe. Mwishowe wakakubaliana: kila tangazo lipite penseli ya Meneja na tasbihi ya Fadlalla, zote mbili. Tukalala vizuri. Ni wakati kama huo ambapo mtu mwenye akili huamka akakague mlango.

Sasa tunafika mahali ambapo wasifu wa namna hii kwa kawaida huruka. Meneja ameruhusu habari hii iandikwe, kwa sharti kwamba yeye atajwe kuwa alikuwa akishughulika na mambo mengine. Alikuwa akishughulika na mambo mengine.

Mwezi wa Februari mwaka huu ililetwa karatasi inayohusu Kibra yenyewe. Ilianza hivi: "Wakaaji wa Kibra wenye hati wataendelea kukaa kwa amani katika nyumba zao." Ikafuata sentensi ya kuwapa heshima wazee wa jeshi, kisha nyingine ya kuwakumbusha watu usafi wa mitaro. Kisha hii: "Hati ya mtu aliyefariki imekwisha, ila ikibadilishwa jina ofisini kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe 16 Machi. Nyumba isiyo na hati itahesabiwa kuwa tupu, na nyumba tupu zitaondolewa." Chini, muhuri.

Sentensi zilikuwa fupi na maneno hayakuwa ya ajabu. Penseli ya Meneja ilisema nyepesi. Bwana Fadlalla akaipeleka Kibra kwa Mama Mabruka, mjane wa Shaushi Fadul, sajini wa zamani, anayekaa Lindi, kijiji cha humo humo Kibra. Kati ya wasomaji wake wote huyu ndiye hodari, kwani marehemu mumewe alimfundisha kusoma kwa kutumia amri za jeshi, zilizokuwa karatasi pekee nyumbani. Mama Mabruka aliisoma yote mpaka muhuri, kwa sauti, kidole kikitembea bila wasiwasi. Shanga mbili. Bwana Fadlalla akaandika: litasomeka. Tukapiga chapa nakala mia tatu, zikabandikwa tarehe 19 Februari. Watu walisoma, wakasema alhamdulillahi, wakaenda zao.

Jumapili tarehe 11 Machi, Bwana Fadlalla akipita Lindi, alimkuta Mama Mabruka akimsimamia fundi aliyekuwa akikandika ukuta. Paani kulikuwa na madebe mapya, yaliyopasuliwa na kunyooshwa, yaking'aa. Akamsifia nyumba, kisha akamwuliza ofisini alikwenda siku gani.

"Ofisini kufanya nini?"

"Kubadilisha jina la marehemu kwenye hati, Mama."

"Wewe Fadlalla, si wewe uliyeniletea karatasi? Wataendelea kukaa kwa amani. Basi nimekaa. Unaniona nimesimama?"

Alikuwa amesimama, lakini Bwana Fadlalla hakuwa na nguvu ya kumwambia. Alimwomba amweleze tangazo lile lilisema nini zaidi. Mama Mabruka akamweleza kama anavyomweleza mtoto. Gwarideni, alisema, amri ikisomwa, neno la kwanza ndilo amri. Yanayofuata ni adabu za maofisa. Askari anayengoja mpaka mwisho ndipo aanze kutembea hupata adhabu. Marehemu alimfundisha hivyo, na nusu ya Kibra, walioshika bunduki na walioolewa na walioshika bunduki, husoma hivyo hivyo. Alikuwa amelisoma tangazo zima bila kusimama, na tangu mstari wa pili hakuwamo ndani yake.

Hati ya nyumba ile ilikuwa na jina la Fadul, aliyezikwa mwaka 1941. Zilikuwa zimebaki siku tano, na nyumba ya mjane huyu, pamoja na ukuta wake mbichi, ilikuwa imekwisha kuhesabiwa kuwa tupu na karatasi ambayo yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuisoma Kibra nzima. Na aliyeipitisha ni Bwana Fadlalla, mtoto wa askari, aliyesikia amri zikisomwa gwarideni kabla hajaota meno ya mbele. Anasema alijaribu kumweleza pale pale, na Mama Mabruka akakataa kuamini, kwa kuwa karatasi ya serikali ilikuwa imesema amani, na Fadlalla ni Fadlalla tu.

Ilibidi basi ipatikane karatasi nyingine. Jioni ile aliandika maneno machache kwa mkono, akazunguka kwa majirani watano wa Lindi na Makina. Tasbihi aliiacha nyumbani. Kila aliyemaliza kusoma alimwuliza jambo moja tu: "Kesho asubuhi utafanya nini?" Wa kwanza akasema atakwenda kukamua ng'ombe. Bwana Fadlalla akafuta sentensi, akaandika nyingine. Wa pili akasema atamwuliza mwanawe. Akafuta tena. Wa tano, kabla hajamaliza kuulizwa, alikuwa amekwisha kuingia ndani kutafuta hati ya marehemu kaka yake.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, aliyapanga maneno yale kwa herufi kubwa, akapiga chapa nakala sitini bila ruhusa ya mtu yeyote: "Je, hati ya nyumba yako ina jina la marehemu? Nenda ofisini kabla ya Ijumaa saa sita. Usipokwenda, nyumba yako itavunjwa." Sisi tuliokuwa chumbani tulitazama ukuta. Kupiga chapa tangazo la serikali ambalo serikali haikuliagiza si jambo la kuangaliwa kwa macho mawili, na yeye alikuwa amebakiza siku kumi na tisa tu astaafu kwa heshima.

Meneja aliliona Jumanne. Alimwita, akamwuliza nani ameagiza. "Mimi," akasema Bwana Fadlalla, akaeleza yote, pamoja na zile shanga mbili. Meneja akaisoma karatasi mara moja. Mpangaji mmoja aliyekuwa akitengeneza bawaba ya mlango kwa muda mrefu kupita haja ya bawaba ile anasema Meneja alikiri kwamba hilo ndilo tangazo la kwanza la Kiswahili alilolielewa bila kamusi. Kisha akasema kwamba nakala sitini, kwa bahati mbaya, ziliharibika mtamboni, na kwamba anayo mambo mengine ya kushughulikia.

Mama Mabruka alisoma karatasi mpya ukutani Jumanne asubuhi. Alitoka pale kwa hatua za gwaride mpaka foleni ya ofisi. Karani akamrudisha: alete shahidi aliyemjua marehemu. Jumatano Bwana Fadlalla hakuja kazini, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1920; shahidi alikuwa yeye. Alhamisi pia. Foleni ilikuwa ya watu wa karatasi sitini, na dirisha lilikuwa moja. Ijumaa tulikuwa tukiitazama zaidi saa ya ukutani kuliko herufi, na kalenda ya duka moja la viatu ilitoka siku hiyo ikiwa na Jumatano mbili. Saa sita kasoro dakika kumi na moja karani alipokea hati ya Fadul, akapiga muhuri kwenye kipande cha karatasi, akasema jibu litaletwa.

Jibu lilikuja juzi, Jumatano, baada ya siku kumi na mbili ambazo hatupendi kuzieleza. Bwana Fadlalla alifika Lindi baada ya kazi akakuta madebe saba yamekwisha kushuka kutoka paani, yamepangwa chini vizuri, na Mama Mabruka juu ya ngazi ameshika la nane. Vyungu vilikuwa vimefungwa ndani ya shuka. Juu ya vilima vya Ngong mawingu yalikuwa meusi kama wino wetu wa bei nafuu.

"Watakuja kuvunja," alisema kutoka juu. "Nimeona heri nishushe mwenyewe, hawa wataharibu madebe yangu."

Bwana Fadlalla akaomba barua. Ilikuwa sentensi moja. Ilisema kwamba kuhusu ombi lake lililopokewa tarehe 16, anaarifiwa kwamba halikuonekana kuwa na kizuizi na jina lake limeandikwa badala ya lile la awali, na kwamba nyumba zisizo na hati zitaondolewa kama ilivyotangazwa.

"Mama, umekubaliwa. Nyumba ni yako, kwa jina lako."

"Imeandikwa wapi? Mimi safari hii nimesoma mpaka mwisho. Mwisho unasema zitaondolewa."

"Imeandikwa hapa katikati."

"Katikati?" Mama Mabruka akashuka ngazi, akaitwaa barua, akaipitishia kidole tena. "Kwanza walificha mwisho. Sasa wanaficha katikati. Mtu asome kuanzia wapi?"

Bwana Fadlalla anasema kwamba katika miaka yote ya kazi hajawahi kuulizwa swali zuri zaidi. Alipanda ngazi na nyundo. Wapangaji herufi wawili wa chumba chetu walifika baadaye kumsaidia, na mvua ilipoanza yalikuwa yamerudi madebe matano. Matatu bado. Kwa sababu hiyo mstaafu ameomba hotuba za Jumamosi ziwe fupi, na Meneja, aliyekuwa na hotuba ya kurasa nne, amekubali kusoma ule wa kwanza.

Tunamshukuru kwa mambo mengi. Ametuachia lile swali la asubuhi, ambalo sasa limeandikwa kwa chaki juu ya meza ya usahihishaji, na tangu tarehe 12 Machi hakuna tangazo lililotoka hapa bila mtu kuulizwa. Aliyekuwa akiuliza, hata hivyo, ni yeye. Sisi tumejaribu. Watu wakituona na karatasi hutuambia wanachodhani tunataka kusikia, wakaenda zao. Na juu ya meza hiyo hiyo, tangu jana, kuna karatasi nyingine ya ofisi, mistari kumi na moja, nayo inahusu njia za kupita Kibra hadi Kawangware na nani atakayehitaji kibali. Inaanza kwa upole mno. Itapigwa chapa Jumanne.

Bwana Fadlalla, umefanya kazi yako, na mstaafu haitwi kazini. Mungu akupe afya, akupe usingizi hata siku za kubandika, na chakula kisikurudi tena kooni. Kaa kwa amani nyumbani kwako. Tumeisoma sentensi hiyo mpaka mwisho na mwisho wake ni huo huo. Jumatatu asubuhi mmoja wetu atapita Kibra kukujulia hali, maana adabu ni adabu, na atakuletea sukari kidogo. Sukari ni yako. Karatasi iliyofungiwa sukari hiyo, ile ya mistari kumi na moja, tunaomba uisome, umwulize Mama Mabruka, na uturudishie kabla ya jioni.